Mbwa anangurumia boda getini, nimchape ama nifanyeje?

mwana_mtopanga:
Wadau habarini, naomba msaada kabla sijalaumiwa na mtaa mzima. Nina mbwa dume anaitwa Jimmy, koko wa hapa hapa Mtopanga ila nadhani ana damu ya jamani shefadi, bado hajafika mwaka. Ndani hana neno kabisa, mpaka mtoto wangu mdogo humvuta masikio na yeye ametulia tu. Shida iko getini. Boda ikisimama, iwe inaleta gesi ama maji, Jimmy anabadilika, manyoya ya mgongo yanasimama, ananguruma, anaruka mpaka mnyororo unamkaba shingo, na juzi alikuwa karibu kumdaka kijana wa maji mguu. Keateka wa ploti anasema kila akinguruma tumpige mpaipu. Shemeji naye anasema tumlishe pilipili azidi ukali wezi waogope, sasa hawa wawili sijui wanataka mbwa gani. Na kingine, anapotoa meno mkia anautingisha, hiyo ni furaha ama ni nini?

jombi_kisauni:
Chapa bana. Mbwa ni ukoo wa mbwa mwitu, wale wolf, na kwenye kundi lazima kuwe na bosi, ukimlegezea anakupanda kichwani. Wa babangu alikuwa akiona fimbo tu analala chini na hajawahi kusumbua mtu.

bi_kliniki:
Jombi pole lakini hapo hapana. Hayo mambo ya bosi wa kundi yalitoka kwa mbwa mwitu waliofungiwa zuu huko Uswisi, mtafiti mmoja Schenkel akaandika 1947, wageni wamerundikwa pamoja na pa kukimbilia hamna, lazima wagombane. Mtafiti David Mech wa Marekani ndiye aliyeisambaza sana hiyo habari na kitabu chake cha 1970, halafu huyo huyo akaenda kuwatazama porini na 1999 akasema wazi kwamba kundi la kawaida ni familia tu, baba mama na watoto.

Mwana Mtopanga, kunguruma ni mbwa kukwambia sogea, sina raha. Ukimpiga hofu haitoki, kinachotoka ni lile onyo, kesho ananyamaza kimya halafu anauma, na nyinyi mnasema kauma bila sababu. Hebu lione kwa upande wake: boda ikija, mpaipu unakuja. Atazipenda boda vipi?

Mkia si furaha kila saa. Ukiwa juu umekakamaa unatetema ncha tu na mwili mgumu, huyo yuko moto, usimguse. Mkia wa furaha unalegea mpaka kiuno kinayumba nao. Tazama na uso: anajilamba pua na chakula hakuna, anapiga miayo na hana usingizi, kichwa kageuza huku na weupe wa jicho unaonekana pembeni, hapo amebanwa. Na kusema kweli kilichonishtua mie si boda ni huyo mtoto anayevuta masikio, maana kutulia kwengine ni kuganda. Usiwaache wawili peke yao hata ukienda kuanua nguo kambani.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza mtoe hapo getini, mbwa wa mnyororo hawezi kukimbia kinachomtisha kwa hivyo amebakiwa na njia moja tu ya kupigana, watu wakija mfungie nyuma ya nyumba. Halafu chemsha maini ya kuku bila chumvi wala kitunguu, kata vidogo kama punje ya hindi. Tafuta mtu wa boda mnayejuana asimame mbali, pale Jimmy anaiona lakini hajaanza fujo, hata ikiwa ni kule kwenye kona ya duka. Boda ikitokea, maini. Ikiondoka, maini yanakoma. Usimpe amri yoyote, wala usingoje akae, boda yenyewe ndio inaleta maini. Sekunde moja mbili usichelewe. Siku akiiona boda anakugeukia wewe uso, sogea hatua chache. Akibweka umeenda mbio, rudi nyuma ulipokuwa. Ni kazi ya wiki nyingi, usije ukanirudia Jumatatu.

mzee_wa_shanzu:
Mie nimelinda na mbwa mahoteli ya huku miaka na miaka. Pilipili inamuunguza tumbo na kumharisha, na mbwa mwenye maumivu hachagui mwizi na mwenye nyumba. Mbwa wa lindo mzuri anabweka, ukimwambia basi ananyamaza. Mtembeze alfajiri kabla lami haijashika moto, mbwa aliyeshinda kafungwa hana la kufanya ila kungoja boda. Tena mfundishe asirukie watu, majirani zetu wengi ni Waislamu, mate yakimpata mtu kwenye kanzu yuwaenda msikitini ni kazi ya kuosha mara saba na moja kwa mchanga. Akiruka mpe mgongo, miguu yote minne ikirudi chini ndio unampapasa. Watu wakiona mbwa ana adabu hata mawe hawamtupii.

mwana_mtopanga:
Asante sana Bi Kliniki na mzee wangu. Lakini keateka yuasema Jimmy anajuaga makosa yake, akitafuna kandambili tukirudi anainamisha kichwa masikio chini kama mshtakiwa.

bi_kliniki:
Anakusoma wewe huyo. Mtafiti wa mbwa Alexandra Horowitz alilijaribu hili, matokeo yalitoka 2009: ule uso wa hatia ulitokea zaidi pale mwenyewe alipomgombeza mbwa, hata kama mbwa hakuwa amekula kitu alichokatazwa. Kandambili ziwekeni juu, mpe mfupa mbichi mkubwa atafune, wa kuku aliyepikwa usimpe unavunjika vipande vikali.

jombi_kisauni:
Haya nimewasikia, lakini maini kila siku, kwani mbwa ni balozi?

bi_kliniki:
😂 Omena mkavu pia yuafaa, mmoja mmoja, na ugali wa jioni upunguzwe asinenepe. Mwana Mtopanga hujasema kama ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hana anza na hiyo wiki hii, kabla ya boda na kabla ya maini. Na akimuuma mtu, hata mkwaruzo mdogo, kidonda kioshwe na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo, msimpake tambaku wala mafuta ya taa.