MJADALA: Hii MUN inawajenga watoto wetu kweli au ni suti na kingereza tu?

Mleta mada, Tanga mjini

Wadau habari za jioni. Kuna mzazi mwenzetu wa hapa Chumbageni kalalamika kwenye grupu la wazazi kwamba mwanae wa fomu faivu anataka hela ya kwenda Dar kwenye MUN, yani lile baraza kivuli la Umoja wa Mataifa, wanafunzi wanagawiwa nchi wanakaa kwenye kamati kama mabalozi, wanajadili mpaka wanapitisha azimio. Hesabu yake ni ada ya kushiriki, nauli ya basi, pa kulala, na juu yake suti. Akauliza, huyu mtoto anaenda kukua au anaenda kupiga picha? Grupu likawaka moto, nimeona tulilete huku.

Mi msimamo wangu ni kwamba inajenga, ila matangazo yao yanasifia vitu vingine kabisa. Wanakutangazia cheti na kujiamini na picha na bendera, wakati faida yote iko kwenye kupewa nchi ambayo hukuichagua na ukalazimika kuitetea mbele ya watu wanaoijua.

Nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kwenye moja ya hizi, kamati ya mazingira, mada nishati. Mtoto wa Tanga huyu, habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, anazisikia kila siku mtaani. Sasa wakampa Ufaransa. Akasoma akakuta Bunge la Ulaya mwezi wa 9 mwaka 2022 lilipitisha azimio la kulipinga lile bomba, akafurahi, akaandika karatasi yake ya msimamo kali kweli kweli. Kusimama tu, binti aliyekuwa Uganda akanyanyua kibao chake chenye jina la nchi akauliza, mheshimiwa mwakilishi wa Ufaransa, kampuni ya nchi yako TotalEnergies si ndiyo yenye asilimia 62 ya hisa za hilo bomba? Ukumbi ukaguna. Dogo akashika ile mic akakaa kimya, unaona kabisa jasho linamtoka, alafu akasema Ufaransa inaomba muda wa mashauriano.

Basi wakatoka nje kwenye korido, na mimi naona kazi yenyewe ilifanyika pale pale koridoni. Yule Uganda, yeye Ufaransa, na mwingine aliyekuwa Norwei wamechuchumaa na laptop moja wanabishana kuhusu mstari mmoja, kwamba fidia ya ardhi ilipwe kabla mtu hajahama au ndani ya muda fulani. Hakuna anayepiga kelele maana kila mmoja anataka kura ya mwenzie. Huku shuleni kwetu tumezoea dibeti ya "daktari ni bora kuliko mkulima", unagonga meza, unapiga "pointi ofu infomesheni", mwisho upande mmoja unashangiliwa mmoja unazomewa. Hiyo inafundisha kushinda maneno. Kumfanya anayekupinga asaini karatasi yako ni kitu kingine kabisa.

Baba watatu, Makorora

Kaka umeandika vizuri ila umeruka swali la hela. Mimi ni fundi seremala, mwanangu yuko shule ya kata. Hiyo korido ya Dar ataifikaje? Wanaokwenda ni wale wale wa shule za ada kubwa ambao hata nyumbani wanaongea kingereza na baba zao. Alafu niulize, mzee Salim Ahmed Salim alikwenda MUN gani? Mwaka 1964 alikuwa balozi Misri ana miaka 22, mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na bila suti ya kuazima.

Mleta mada

Hahaha baba umenibana. Ila mzee Salim alianzia kwenye siasa za wanafunzi huko Zanzibar, kwa hiyo mazoezi aliyapata, tena ya moto kuliko haya ya kuigiza. Kwenye hela sikubishii hata kidogo.

Ticha mstaafu, Ngamiani

Wanangu mie nataka niseme la lugha. Nimefundisha miaka mingi, mtoto akitakiwa kubishana kwa kingereza, nusu ya akili inatafuta neno, nusu iliyobaki ndo inafikiri. Anakariri hotuba. Akiulizwa swali nje ya hotuba basi kwisha. Umoja wa Mataifa una lugha 6 rasmi na kiswahili hakimo, sawa, lakini Umoja wa Afrika ulikipitisha kiswahili kuwa lugha ya kazi mwezi wa 2 mwaka 2022. Kwa nini tusiwe na baraza kivuli la Umoja wa Afrika kwa kiswahili hapa hapa Tanga, jumamosi moja, darasani, na yunifomu zao? Kibao cha nchi ni boksi na maka peni tu.

Niliyemaliza fomu siksi

Shikamooni wakubwa. Mimi nilishawahi kushiriki nilipewa Urusi. Nusu ya wajumbe walikuwa wanagombania tuzo ya mjumbe bora, mtu anaongea kila dakika hata hana hoja, mwenyekiti anampa alama. Kwa hiyo ticha ikija hiyo ya kiswahili naomba tuzo zifutwe. Ila kilichonisaidia ni kusoma kwa nini nchi 35 hazikupiga upande wowote tarehe 2 machi 2022 kwenye ile kura ya Umoja wa Mataifa kuhusu Urusi kuivamia Ukraine, Tanzania ikiwemo. Kabla ya hapo nilikuwa najua kutokupiga upande ni woga tu.

Mama wa Chumbageni (ndo mimi nilielalamika)

Kumbe nimekuwa mada! Haya, bado sijashawishika kihivo. Kwanza mwanangu kapewa Japani, nimemuuliza Japani wanataka nini kwenye hiyo kamati, kaniambia mama tutapewa kule kule. Sasa hela yangu inaenda kununua nini hapo?

Mleta mada

Dada hapo nakuunga mkono. Mwambie aandike kurasa mbili za msimamo wa Japani kwa kiswahili, akusomee sebuleni, na wewe uwe Chaina umuulize maswali. Akiweza kukujibu mpe nauli. Suti aazime kwa mjomba wake.

Baba watatu, Makorora

Ticha hiyo ya jumamosi ikiwepo meza na vibao nitachonga mimi. Ila mwanangu asipewe Ufaransa.