Golf GTI ya 2014 au Crown Athlete ya 2014? Barabara yangu ni Ruiru hadi Upper Hill

Kiti_cha_Dereva (mwenye uzi)

Wadau, habari zenu. Naomba mnisaidie kuamua kabla sijatoa pesa. Nimekwama kati ya magari mawili. Nikilala nimechagua hili, naamka nalitaka lile.

Bajeti ni shilingi milioni 2.4, akiba yangu ya sako. Kando nimetenga 250,000 za matengenezo ya mwanzo, na hizo haziingii kwenye bei hata muuzaji aseme nini.

La kwanza ni Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, injini ya lita 2.0 yenye turbo, gia za DSG (otomatiki yenye klachi mbili). Ilitoka Uingereza, ina namba ya usajili ya Kenya ya KDD, na dashibodi inasoma maili 61,000. Anayeuza ni mtu binafsi anayehama nchi. La pili ni Toyota Crown Athlete, injini ya V6 (silinda sita) ya lita 2.5, isiyo haibridi. Ilitoka Japani, imetembea kilomita 104,000, iko kwenye yadi moja Barabara ya Ngong. Yote mawili yanauzwa kati ya milioni 2.3 na 2.4.

Naishi Ruiru, upande wa Kamakis. Kazi ni Upper Hill, Nairobi, siku tano kwa wiki, kwa hiyo Thika Road naijua asubuhi na jioni. Mara moja kwa mwezi tunaenda Karatina kumwona mama. Kwenye gari tunakuwa mimi, mke wangu, mtoto wa miaka mitatu kwenye kiti chake, na wakati mwingine tunarudi na mama, ambaye magoti yanamsumbua.

Nimeyaendesha yote mawili. Crown imetulia, unasikia pumzi yako. GTI nilipoipandisha kutoka Museum Hill kuelekea Westlands nilitabasamu peke yangu. Nataka gari la miaka mitano au sita, si la kuuza baada ya mwaka. Nisaidieni.

Mwanaspana

Karibu kaka. Mimi ni fundi, na magari ya Wajerumani na ya Wajapani yote yanapita mikononi mwangu, kwa hiyo sina timu.

Kwanza DSG, maana najua ndiyo itakayokutisha humu. Watu wanachanganya mbili. Golf za 1.2 na 1.4 nyingi zina ile ya gia saba yenye klachi kavu, DQ200, na hiyo ndiyo iliyoharibu jina. GTI ya 2014 ina DQ250, gia sita, klachi zinazooga kwenye mafuta. Ni imara zaidi, ila mafuta yake na chujio hubadilishwa kila kilomita 60,000. Gari la maili 61,000 limepita kilomita 98,000, kwa hiyo zamu moja lazima iwe imeshafanyika. Mwulize mwenyewe risiti. Akikujibu kwamba mafuta ya gia za DSG hayabadilishwi kamwe, jua hayajawahi kubadilishwa.

Ugonjwa wa pili wa injini hiyo ni pampu ya maji. Imeungana na thamostati (kidhibiti cha joto la maji) kwenye nyumba moja ya plastiki, na plastiki hiyo ikizeeka huanza kuvuja. Huwezi kuona dimbwi chini. Utaona tu kipimo cha maji ya kupoza injini kikishuka pole pole na alama nyeupe au za waridi zilizokauka pembeni mwa injini. Hiyo ni kazi ya siku moja, lakini ukiipuuza unapika injini.

Crown nayo si malaika. Hiyo V6 ni 4GR-FSE, ileile ya Mark X ya 2.5, na spea utazipata Kirinyaga Road bila kuhangaika. Shida ni kwamba inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo hakuna petroli inayosafisha valvu za kuingizia hewa. Gari likiishi kwenye foleni, masizi hujenga huko. Dalili ni kutetemeka likiwa limesimama, hasa asubuhi kukiwa na baridi. Ukiliona limelala kimya baada ya kupata joto usidanganyike.

Mama_Pacha_Juja

Kaka, mimi nitasema kwa niaba ya wanaokaa nyuma, kwa sababu humu wote mnakaa mbele.

Kiti cha mtoto kwenye Golf kinaingia vizuri, milango mitano na nanga zake zipo. Lakini mama yako mwenye magoti atapitia mlango wa nyuma mfupi, ajikunje, kisha akae na magoti juu. Crown ina nafasi ya kunyoosha miguu. Tatizo ni kwamba nayo iko chini, kwa hiyo kuinuka bado ni kazi. Kabla hujalipa, mpeleke mama mwenyewe, au mtu wa umri wake, akae na ashuke mara tatu. Usimkadirie kwa macho.

Na matuta ya mtaani kwenu unayajua. Kamakis mkitoka tu barabara kuu ni vumbi na mawe. Gari lenye tairi nyembamba litakufanya uwe unaomba kila jioni.

Hewa_ya_Juu

Kuna jambo halijatajwa na linahusu Nairobi hasa. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo hapa inapoteza karibu asilimia 15 hadi 18 ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi. Crown ya nguvu za farasi 203 kiwandani, hapa unaendesha kama 170. Ukiongeza kwamba ina takriban kilo 200 zaidi ya Golf, ndiyo maana uliona imetulia mno.

GTI ina nguvu 220 kwenye karatasi, na turbo hujaza pengo hilo kwa kusukuma hewa zaidi. Haipotezi kitu kikubwa. Nguvu yake ya kuvuta, Nm 350, inaanza chini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, na Crown ina 243 tu inayokuja juu zaidi. Kwenye vilima vya kutoka Sagana kwenda Karatina utaisikia tofauti hiyo ukitaka kulipita lori la mchanga, na kulipita haraka ni usalama, si mbwembwe.

Bei ya hilo ni kwamba turbo hapa inazunguka kwa kasi zaidi kuliko pwani na inapata joto zaidi. Oili ya injini iwe ile ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na usisubiri kilomita 15,000 za Ulaya. Mimi hubadilisha kila 7,000. Petroli pia: fungua kifuniko cha tangi usome oktani inayotakiwa, kisha uweke ile ya daraja la juu. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu ya mwezi.

Axela_Nyekundu

Usinunue lolote kati ya hayo. Tafuta Suzuki Swift Sport ya 2017 kuendelea: turbo ya lita 1.4, nguvu 140, uzito usiofika tani moja, na otomatiki yake ni ya kawaida ya gia sita. Ukiamua kuagiza mwenyewe, injini ya chini ya cc 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 badala ya 25, ila kumbuka sheria ya miaka minane: gari lenye umri unaozidi huo haliruhusiwi kuingizwa.

Kiti_cha_Dereva (mwenye uzi)

Asante Axela_Nyekundu, Swift Sport naipenda, lakini buti yake na mizigo ya kutoka Karatina haviendani. Tukitoka kwa mama hatujawahi kurudi mikono mitupu.

Mama_Pacha_Juja, nimefanya ulivyosema. Mama alikuwa Nairobi wiki hii kwa kliniki, nikampitisha kote kuwili. Kwenye Crown alikaa vizuri akasifu. Kuinuka akanishika mkono. Kwenye Golf nyuma hakupenda kabisa, lakini mbele, kiti kikiwa kimeinuliwa juu, alishuka mwenyewe. Mke wangu anasema atakaa nyuma na mtoto bila neno, ndivyo wanavyofanya hata sasa.

Kinachobaki kunitesa ni ugumu wa Golf kwenye mashimo. Tairi zake ni 225/40 R18, yaani ukuta mfupi kwenye rimu za inchi 18.

Gia_ya_Tatu

Ndugu, GTI ninayo ya kizazi hicho hicho, na naishi Kitengela, kwa hiyo usiambiwe na watu wa kusoma. Foleni inaivumilia ukijua kuiendesha: usiitambaze sentimita kwa sentimita klachi zikisuguana. Acha nafasi mbele yako, ikifunguka nenda, kisha simama kabisa. Matatu atakuchomekea, mwache. Kwenye msongamano inanipa kilomita 9 kwa lita, safari ndefu 13 au 14.

Kuhusu ugumu, dawa ipo. Weka rimu za inchi 17 zenye tairi 225/45. Ukuta wa tairi unapanda kutoka milimita 90 hadi 101, na kipimo cha nje hakibadiliki kiasi cha kudanganya spidi. Crown Athlete unayoitaja, kama ina 225/45 R18 kama nyingi nilizoziona, nayo ina ukuta wa 101 huohuo. Yaani unafika palepale. Rimu za 18 uza, zinatafutwa.

Na niseme hili kwa moyo wote: siku tano kwa wiki unaamka usiku kwenda kutafutia familia. Kama kuna gari linalokupa furaha ya dakika kumi ukifika Muthaiga barabara ikiwa tupu, hiyo si anasa ya kitoto.

Mwanaspana

Nakubali kuhusu rimu, lakini hakikisha rimu hizo zinapita juu ya breki za mbele kabla hujalipa. Zijaribishwe zikiwa kwenye gari, si kwa kuangalia picha.

Sasa niseme jinsi ya kukagua, maana mpaka hapa tunazungumzia modeli, na wewe hununui modeli. Unanunua gari moja lililoteswa au kutunzwa na watu fulani.

GTI: ilitoka Uingereza, na huko gari likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka. Matokeo yako wazi mtandaoni bila malipo, pamoja na maili zilizosomwa siku ya ukaguzi na kasoro zilizoonekana. Unachohitaji ni namba ya usajili ya kule. Iko kwenye hati za kuingizia gari, au kwenye kitabu cha huduma. Maili zipande mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma. Crown nayo iombee cheti cha kusafirishia nje cha Japani, kina kilomita za ukaguzi. Yadi ikisema kimepotea, ondoka.

Yote mawili yapimwe na kompyuta inayosoma moduli zote (vidhibiti vya umeme vya gari zima), sio kile kidude cha kusoma injini tu. Kwenye DSG nataka kuona joto la mafuta na jinsi klachi zilivyojirekebisha. Endesha ukipanda mlima pole pole kwa gia ya pili. Ikitetemeka kama gari la kujifunzia, klachi zimechoka. Kisha irudishe nyuma kwenye mteremko. Kwenye Crown, sikiliza ikiwa baridi kabisa, tazama moshi, na nyanyua gari uone bushi za mikono ya mbele.

Bima_na_Hati

Haraka tu: ukikadiria bima kubwa kwa asilimia 4, gari la milioni 2.4 ni 96,000 kwa mwaka, na kampuni nyingine hutoza zaidi magari ya turbo. Pata bei tatu kwanza. Umiliki uhamishwe kupitia eCitizen ukiwa umekaa na muuzaji, na utazame kama gari lina deni la benki kwenye hati. Anayehama nchi lazima amalize hilo kabla ya kupanda ndege.

Kiti_cha_Dereva (mwenye uzi)

Nimerudi na majibu. Namba ya Uingereza nilikuta kwenye kitabu cha huduma. Maili zimepanda vizuri kila mwaka. Mwaka mmoja waliandika tairi za nyuma zimekwisha, hakuna kingine. Risiti ya mafuta ya DSG ipo, ilibadilishwa hapa Nairobi ikiwa na maili 40,000, kwa hiyo zamu ya pili ni kwenye maili 77,000 hivi. Ila kipimo cha maji kiko chini kidogo, na nimeona zile alama za waridi.

Crown, yadi haikuwa na cheti cha Japani. Walisema kitatafutwa. Nikaomba niisikie ikiwa baridi. Nilipofika saa mbili asubuhi boneti ilikuwa na joto.

Naelekea GTI. Mwenyewe amekubali kupunguza 90,000 kwa ajili ya pampu, inabaki milioni 2.26. Mwanaspana, utakuja Jumamosi?

Mwanaspana

Nitakuja na kompyuta. Kama klachi ziko sawa, 90,000 zinatosha pampu, thamostati na maji yake mapya, na mafuta ya gia, zamu yake ikifika, utalipa kwenye zile 250,000 zako. Usikubali kutia maji juu juu ili kipimo kionekane sawa, wala usilipe amana kabla sijaona alama hizo zinatoka wapi: zikitoka kwenye turbo ni bei nyingine kabisa.

Na mpigie mwenyewe Ijumaa jioni. Gari lilale nje, asiliwashe mpaka tufike.