Betri ya 55D23L imechoka: niweke 75D23L au 46B24L?

Zamu_ya_Usiku

Habari zenu wakuu. Natoka kazini saa kumi na moja alfajiri, na wiki hii gari limenigomea asubuhi tatu. Nikiwasha linatoa "ta-ta-ta-ta", taa za dashibodi zinafifia, basi. Mara zote mlinzi ndiye aliyeniokoa, kwa kuunga nyaya kwenye betri ya gari jingine. Nimechoka kwenda maegesho gizani huku moyo unadunda.

Betri iliyomo imeandikwa 55D23L, iko mwaka wa nne. Muuzaji mmoja ananipa 46B24L, anasema ni ileile, imepungua kidogo tu. Mwingine ana 75D23L, ila nimeambiwa betri kubwa huchosha altaneta (ile jenereta ya injini inayochaji betri). Gari ni la petroli, sisi 1800, halijizimi lenyewe kwenye mataa. Nichukue ipi?

Fundi_Umeme

Pole sana dada. Maandishi hayo ukishayajua, muuzaji hakuyumbishi. 23 ni urefu kwa sentimita. D ni kundi la upana na kimo. L ni upande vilipokaa vichwa vya chanya na hasi. 55 ni daraja la nguvu, wala si ampea-saa (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi). Hapo wengi hukosea. Kwa hiyo 75D23L ni sanduku lilelile, vichwa palepale, nguvu zaidi. Altaneta haiumii: stata (mota inayozungusha injini iwake) huvuta inachohitaji tu, na altaneta hurudisha kilichotumika.

Hiyo 46B24L iache kabisa. Upana wa B ni kama sentimita 13, wa D ni kama 17. Itacheza kwenye trei, kibano hakitaishika, na mtikisiko huziua pleti za ndani. Tena B24 nyingi zina vichwa vyembamba, na nyaya zako ni za vichwa vinene. Nimeshapokea magari yaliyozungushiwa kipande cha bati hapo ili waya ukaze. Panapata moto, gari linagoma, na lawama inaiangukia betri.

Ila kabla hujatoa hela, hakikisha mgonjwa ni betri. Ichaji ijae, ipumzishe saa kadhaa, kisha pima kwa mita. Iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Chomoa waya wa hasi, ulale nayo hivyo, upime asubuhi. Ikianguka hata bila waya, imekwisha. Ikibaki palepale, kuna kitu ndani ya gari kinanyonya umeme usiku, na betri mpya nayo utaiua. Mwisho washa injini upime tena: unataka kuanzia 13.8 hadi 14.5 hivi.

Dereva_Mtulivu

Kwa wengine mtakaosoma: gari langu linajizima kwenye mataa. Nilifunga betri ya kawaida badala ya AGM (ile ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo), haikumaliza mwaka. Mfumo ule huwasha injini mara nyingi mno kwa safari moja. Ukikuta AGM, rudisha AGM. Ukikuta EFB (betri ya majimaji iliyoimarishwa), usishuke chini ya EFB.

Zamu_ya_Usiku

Nimerudi na majibu. Baada ya kuchaji na kupumzisha: 12.6. Asubuhi, waya wa hasi ukiwa nje: 11.9. Injini ikiwaka: 14.2.

Fundi_Umeme

Imekwisha hiyo, na altaneta yako ni nzima. Nunua 75D23L, lakini nenda na mita yako. Pima betri ikiwa bado juu ya kaunta. Ukiona 12.3 au 12.2, ujue imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa. Salfeti imeshaanza kuganda kwenye pleti, na ukiichaji nguvu yake yote hairudi. Omba nyingine. Soma na tarehe ya kutengenezwa.

Baba_Wawili

Hilo la mita nalitilia mkazo. Mimi niliuziwa betri ikiwa na vumbi juu, nikaambiwa "mpya hii, haijafunguliwa". Ilidumu miezi minane. Haijafunguliwa, sawa, lakini ilikuwa imezeekea dukani. Siku hizi hata wakininunia napima.

Zamu_ya_Usiku

Nimeipata, imesoma 12.7 pale pale dukani. Nilitoa hasi kwanza, wakati wa kurudisha nikaanza na chanya, hasi mwisho. Leo alfajiri limewaka kwa mguso mmoja, na mlinzi amenipungia mkono kutoka mbali. Asante, fundi. Kimebaki kimoja: kioo cha upande wa dereva hakipandi tena chenyewe, mpaka nishikilie swichi.

Fundi_Umeme

Kimesahau kipimo chake umeme ulipokatika. Kwenye magari mengi hufanya hivi: kishushe hadi chini, kipandishe hadi juu, na kikishafunga endelea kuishikilia swichi sekunde chache. Kikikataa, tazama kitabu cha gari.