Mikoko 12,000 tuliyopanda imekufa karibu yote. Tumekosea wapi?

Katibu_Mwambao:
Salaam wanajamvi. Kikundi chetu cha kina mama na vijana kiko mwambao wa Kilifi. Tulichomeka mbegu 12,000 za mkoko kwenye tope la wazi mbele ya msitu, nafasi ya mita moja kwa mita moja. Miezi minane baadaye, zilizo hai hazifiki 2,000. Mfadhili anataka tupande nyingine 20,000 palepale kabla ya Juni. Upande wa nchi kavu kuna bwawa la chumvi lililoachwa, kama ekari 7, tuta bado limesimama na ndani hakuna mti. Turudie tope? Twende bwawani? Na pesa za ulinzi zinapatikanaje?

MajiKupwa:
Katibu, msirudie hapo. Lile tope liko wazi kwa sababu. Miti iliyo nyuma yake inadondosha mbegu kila mwaka, na kama pangefaa zingeota zenyewe. Hapo maji yanakaa muda mrefu mno, mche unazama kuliko unavyopumua. Pwani yetu, kati ya aina za miti ya mikoko, unaotangulia kuikabili bahari ni mlilana. Mkoko wenyewe, huu mliopanda, unakaa nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu hupatikana pande zote mbili, chini na juu kabisa. Mkoko unapandwa kwenye tope la mbele kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na kuchomeka, basi.

Kabla ya kununua hata mbegu moja, pimeni kimo cha maji, hakuna gharama. Chagueni siku isiyo na upepo, maji yakiwa yanajaa. Mtu mmoja asimame kwenye mikoko ya asili iliyo karibu, ndani ya hori (mkono wa bahari) hilohilo. Maji yakigusa tu mizizi ya mti wa chini kabisa, apige kelele. Aliye kwenye eneo lenu achomeke kijiti pale ukingo wa maji ulipofika sekunde hiyo. Rudieni kwa mti wa juu kabisa. Kati ya vijiti hivyo viwili ndipo mahali pa mkoko. Nje ya hapo, jueni mnalisha bahari.

Halafu hiyo Juni. Kusi ndiyo inavuma wakati huo, na mawimbi kwenye tope lisilo na kinga yanang'oa hata kilichoshika mizizi.

Bi_Mkandaa:
Naongezea: nendeni mkaangalie maiti za miche, zinasema. Shina lililokatwa karibu na udongo, kidonda kikiwa kibichi na chenye meno, hiyo ni kazi ya kaa. Mche ulioinama ukiwa umebandikwa vijikombe vya chokaa (magamba ya viumbe wadogo wa baharini) kuanzia chini, umezamishwa sana na vimeulemea. Shimo tupu bila mabaki ni wimbi. Majani yaliyokauka kuanzia nchani ni chumvi iliyozidi. Na mchu ulioliwa majani yote ni mbuzi au ng'ombe, huyo anatafutiwa mchungaji na wala si mbegu nyingine.

Hesabuni kwa viwanja vya mita 10 kwa 10, vitano vilivyotawanyika. Kwa nafasi yenu kila kiwanja kilikuwa na miche kama 100, kwa hiyo asilimia mnaipata papo hapo. Hesabuni mwezi wa kwanza baada ya kupanda, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili.

Mbegu nazo: mkoko ukikomaa, pale tunda linaposhikana na ule mkia mrefu hutokea pete ya manjano. Isiyo na pete ni changa, itaoza. Ziwekeni kivulini siku chache chini ya gunia bichi, kaa hawazipendi kama zile mbichi. Chomekeni theluthi moja ya urefu, ncha kali chini. Siku watoto wa shule wakija kusaidia, hakikisheni hili la ncha, maana nusu ya mstari hupandwa kichwa chini na hakuna anayegundua mpaka mwezi upite.

FundiHori:
Bwawa ndilo lenye matumaini, lakini si kwa kupanda. Tuta limeziba maji, kwa hiyo chumvi inabaki jua likikausha. Tafuteni njia za zamani za maji: tembeeni nje ya tuta bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) linapopwa, mtaona vijito vinavyoishia ghafla kwenye ukuta. Hapo ndipo pa kukata. Msikate popote tu, na msikate upenyo mmoja mwembamba, kwa sababu maji yote yatapita hapo kwa kasi na kuchimba bonde. Sakafu ya upenyo iwe sawa na sakafu ya kijito cha nje. Mkiiacha juu, ndani kunabaki dimbwi, na dimbwi linaua mikoko kama ukame.

Udongo mnaotoa usirundikwe ndani. Sambazeni au utoeni.

Kisha subirini. Bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi, na masika yanasaidia kuosha chumvi. Mchu na mkandaa zikianza kuota zenyewe, kazi imeshika. Pandeni tu sehemu ambazo mbegu hazifiki. Lakini kabla ya jembe la kwanza, ulizeni ardhi ni ya nani. Mabwawa mengi ya chumvi yana hati ya kukodishwa hata yakiachwa, na mikoko yenyewe ni msitu wa serikali, chini ya KFS (Huduma ya Misitu Kenya).

MlinziWaHori:
Kuhusu pesa, tazameni mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, walioanza 2013. Wana hekta 117, na katika hizo msitu wa asili ni 107. Uliopandwa ni 10 tu. Wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayozuiwa na msitu, karibu tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yanaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Maana yake, thamani kubwa iko kwenye miti iliyokwisha simama na haikatwi. Vanga walifuata njia hiyohiyo kwa eneo kubwa zaidi.

Lakini hakuna anayeuza kaboni ya msitu asio na haki nao. Sajilini chama cha jamii cha msitu, andikeni mpango wa usimamizi, kisha muingie mkataba na KFS chini ya sheria ya misitu ya 2016. Pandeni pia mvinje mashambani, kwa sababu watu wanahitaji boriti na kuni, na ukiwakataza mkoko bila kuwapa mbadala watakata usiku.

Katibu_Mwambao:
Ahsanteni sana. Mfadhili nimwambie nini, wakati mkataba wake unahesabu miche?

MajiKupwa:
Mpelekee hesabu ya viwanja vitano vya Bi Mkandaa pamoja na picha za vile vijiti, na umwombe fedha za miche 20,000 zihamie kwenye kukata tuta na kulipa walinzi wawili. Pendekeza kipimo kiwe eneo lenye miti hai baada ya miaka mitatu. Akikataa, omba angalau miche ipungue na ipandwe kati ya vijiti.