Kadi 66, ardhi 20: nipunguze nini?

Kipanga wa Sinza
Wakuu, naomba ushauri. Kila Jumamosi tunacheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering kibarazani hapa Sinza, na seti yangu nyekundu ina kadi 66, ishirini kati yake zikiwa za ardhi, zile za kutupa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine, kwa kawaida moja kwa kila ardhi. Siku ikinikubali hakuna anayenizuia, lakini mara nyingi nabaki nimeshika kadi nisizoweza kuzilipia mana, hadi mpinzani anaumaliza uhai wangu wote 20. Je, ni bahati mbaya, au seti ndiyo yenye kasoro?

BabaZawadi
Ndugu Kipanga, bahati usiisingizie. Kwa seti yako, uwezekano wa kuanza na kadi saba zisizo na ardhi kabisa, au zenye ardhi moja tu, ni takriban asilimia 31. Ukirudi kwenye kadi 60, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na ardhi zako zilezile 20, unashuka hadi asilimia 25. Ukiweka ardhi 24, unafika 14. Hizo sita za ziada, nahisi, unazipenda tu.

Kipepeo
Hesabu za BabaZawadi nazikubali, ila ardhi 24 kwa seti nyekundu ya kasi ni nyingi mno. Mwenye kadi za mana moja au mbili, mfano Lightning Bolt inayopunguza uhai kwa 3 kwa mana moja tu, huweza kwenda na 20 au 21. Mkuu, kadi za mana tano unazo ngapi? Aliyeanza wa pili, akifika zamu yake ya tano, ameshaona kadi 12 (saba za kuanzia na moja kila zamu), ambazo kwa ardhi 20 kati ya 60 humpa wastani wa ardhi nne. Kadi ya mana tano hapo ni pambo.

Kipanga wa Sinza
Nimezimwaga mezani sasa hivi. Za mana tano ni saba, sita kati yake majoka aliyoniletea shemeji, ambayo kusema kweli nilikuwa naona haya kuyaacha. Nimeyatoa yote sita. Nimechanga na kuvuta kadi saba mara ishirini, na mara nne sikufikisha hata ardhi mbili.

BabaZawadi
Hiyo ya saba nayo itoe, uweke ardhi ya 21.

Kipanga wa Sinza
Ya saba ndiyo iliyonipa ushindi wangu wa kwanza, mzee wangu. Niachie hadi Jumamosi.