Mkandarasi wa serikali alazimishwe kujiripoti akiona mgongano wa maslahi? Tujadili

Kalamu ya Bluu: Wakuu habari. Mkandarasi akigundua meneja wake ana ndugu kwenye kamati ya tathmini, au kampuni yake ina hisa kwa yule anayetakiwa kumsimamia, alazimishwe kupeleka taarifa mwenyewe hata kama hajaulizwa? Marekani zamani ilikuwa hiari, ila tangu Desemba 2008 kwa mikataba mikubwa ni lazima, ukiwa na ushahidi wa kuaminika wa rushwa, ulaghai au mgongano wa maslahi ambao ni kosa la jinai unamwandikia inspekta jenerali wa idara husika (siyo wa polisi, ni mkaguzi wa idara anayechunguza ulaghai), na vigogo wa kampuni wakijua wakanyamaza wanaweza kufungiwa kazi za serikali. Mimi naunga mkono.

Fundi Sanifu: Hakuna mtu wa kujichongea. Kampuni kubwa ina wanasheria, itaandika barua tamu yenye kurasa ishirini, mdogo asiye na mwanasheria ndo ataumia. Na mgongano wenyewe tunaujua ulipo, ni hizi kampuni za wake wa maofisa manunuzi, jana haikuwepo leo imeshinda tenda. Wapigwe marufuku hao kwanza.

Mama Nondo: Wewe Fundi unanijua? Nimeanza kuuza nondo na saruji sijaolewa, miaka kumi na moja kabla mume wangu hajahamishiwa manunuzi. Sasa nifunge kwa sababu yeye kapandishwa cheo? Mbona hamsemi yeye ndo aache kazi?

Fundi Sanifu: Dada sijakutaja jina. Ila ukiona nimekugusa jiulize kwanini.

Mama Nondo: Umesema WAKE. Hukusema waume, hukusema mashemeji, hukusema watoto. Ungekuwa na uchungu na pesa za umma ungesema familia yote.

Mzee wa Risiti: Watoto ndo balaa kabisa. Kuna yule mama wa manunuzi ya jeshi la anga la Marekani, Boeing walimwajiria mtoto wake huku yeye anawapa mikataba, nadhani alifungwa miaka tisa.

Karani Mstaafu: Miezi tisa mzee, siyo miaka. Anaitwa Darleen Druyun, alihukumiwa 2004. Binti yake na mchumba wa binti wote waliingia Boeing kwa maombi yake, na yeye mwenyewe akaanza kuongea nao ajira huku bado yuko mezani kwa niaba ya serikali. Mkurugenzi wao wa fedha aliyemwajiri alipata miezi minne. 2006 Boeing wakakubali kulipa dola milioni 615 kumaliza kesi hiyo na nyingine. Nawaomba muangalie kwamba pale hapakuwa na mke wa mtu, alikuwa ofisa mwenyewe anajitafutia kesho yake.

Fundi Sanifu: Sasa si ndo hapo, na walikuwa na sheria kibao wakati huo. Fomu ya kutangaza maslahi haimzuii mwizi.

Karani Mstaafu: Fomu haimzuii ila inamfunga. Asiyejaza atasema sikujua, aliyejaza uongo tayari ana kosa la pili lenye saini yake. Nimekaa na mafaili hayo miaka mingi, usidharau saini.

Mzee wa Risiti: Mimi naona wafanyakazi ndo wapewe nguvu. Wamarekani wana sheria ya madai ya uongo ya tangu 1863, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wauzaji walikuwa wanalitapeli jeshi. Anayefichua akishinda anapata sehemu ya pesa iliyookolewa.

Karani Mstaafu: Asilimia 15 hadi 30, inategemea serikali imeingia kwenye kesi au kaibeba peke yake. Hapo nakuunga mkono.

Kalamu ya Bluu: Tusitoke nje ya mada jamani. Mama Nondo, wewe uliwahi kujaza tamko la maslahi?

Mama Nondo: Nilijaza. Tenda ya kwanza tu baada ya mume wangu kuhamishiwa pale, nikaandika jina lake, cheo chake na tarehe ya ndoa. Hakuna aliyenipigia simu. Siku ya tathmini yeye ndo akamwambia mwenyekiti mke wangu yumo naomba kutoka, mwenyekiti akashangaa, ile fomu ilikuwa ndani ya bahasha yangu haijasomwa na mtu. Tenda nilikosa na sikulalamika. Halafu mtu anakuja hapa kuniita mwizi.

Fundi Sanifu: Mwizi sijasema. Neno "wake" nalifuta, niseme familia. Ila kama fomu yako haikusomwa, basi hata hiyo barua ya Kalamu itasomwa na nani?

Kalamu ya Bluu: Apewe mtu wa nje ya kamati, mkaguzi, na tenda isifunguliwe mpaka aandike amesoma.

Mama Nondo: Na yeye ajaze ya kwake kwanza.