Naombeni ushauri: meza ya chakula kwenye meli ya kitalii, nichague ipi nikiwa na wazee na watoto?

Mtoto wa Ngamiani:
Wakuu salaam. Niko Houston. Desemba hii tunapanda meli ya kitalii hapo Galveston, usiku 7, tunapitia Roatán na Cozumel. Tuko sita: mimi, mke, watoto wawili, mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na mama mdogo.

Kwenye tovuti wananitaka nichague chakula cha jioni cha ukumbi mkuu: zamu ya kwanza saa 11 na nusu jioni, zamu ya pili saa 2 usiku, au kwenda muda wowote na kupangiwa meza palipo na nafasi. Halafu wanauliza meza ya watu wangapi. Mke anataka dirishani. Mama ana magoti, na bahari humlevya haraka. Nguruwe hatuli. Waliowahi kupanda, nielekezeni kabla sijabofya.

Korido la Tatu:
Wenzetu mnachagua dirisha, sisi boti ya Unguja tunachagua kukaa mbali na mwenye mfuko wa kutapikia 😂 Ngoja wajuzi waje.

Nanga Juu:
Mkuu, nimehudumu mezani kwenye meli hizi. Chukua zamu ya kwanza. Saa 2 usiku watoto wanakuwa wameshasinzia, na chakula chenyewe huchukua muda wa saa moja na nusu hivi, maana vyakula vinakuja kwa awamu.

Dirisha usiligombanie. Mwezi huo jua la huko linazama kwenye saa 11 na nusu, yaani mnafungua menyu na giza linaingia. Wa zamu ya pili ndiyo kabisa, wanatazama sura zao kwenye kioo. Ingekuwa Alaska mwezi wa saba, ambako saa 3 usiku bado kunaonekana, ningekwambia lipiganie.

Cha kuangalia ni meza iko wapi ndani ya ukumbi. Kumbi nyingi ziko sitaha za chini, jambo jema kwa mama kwa sababu chini meli haiyumbi kama juu. Lakini nyingine ziko tezi kabisa, yaani nyuma ya meli, juu ya rafadha, zile panga zinazoisukuma. Pale meli ikiongeza mwendo utaona maji yanatetemeka kwenye glasi na vijiko vinaimba. Na Desemba kwenye Ghuba ya Meksiko upepo wa kaskazini ukija, unakuja kweli. Omba meza iliyo karibu na katikati ya meli, kwenye sitaha ambayo lifti inafungukia mlangoni. Kumbi hizo huwa na ghorofa mbili au tatu zenye ngazi ndani. Za mapambo, lakini goti halijui mapambo.

Kimbia meza mbili: ya mlango wa jikoni, na ile inayopakana na kabati la wahudumu. Sahani zinagongana hapo tangu mnakaa mpaka mnaondoka.

Mama Zuhura DXB:
Mimi napingana kidogo na zamu. Siku mkishuka bandarini mkachelewa kurudi, saa 11 na nusu ni kukimbizana, wazee hawajaoga wala kuswali. Sisi huchukua muda wowote na hatujawahi kujuta.

Nanga Juu:
Dada, hoja ya swala nimeipokea. Ila ukienda muda wowote, kila siku unaweza kupata mhudumu mpya na kuanza upya habari ya nguruwe. Kwa zamu, mhudumu ni yuleyule. Siku ya pili anajua mama anakunywa chai ya moto, siku ya tatu anamletea menyu ya kesho achague mapema. Suala la nyama waandikie kampuni kabla ya safari, kisha mkumbushe mhudumu siku ya kwanza. Usingoje kuuliza sahani ikiwa mezani.

Mtoto wa Ngamiani:
Shukrani sana. Je, meza ya sita au niombe ya nane? Na nikipangiwa pabaya?

Mama Zuhura DXB:
Sita. Ya nane watawaongezea wageni wawili, na mama zetu watakula kwa haya wiki nzima.

Nanga Juu:
Hapo tuko pamoja. Ukipangiwa pabaya, siku ya kupanda msikimbilie bwawa. Nenda ukumbini mchana, muulize msimamizi wa ukumbi. Siku hiyo huwa anapokea maombi ya kubadilisha meza. Mwambie magoti ya mama, usimwambie mandhari. Hela ya kumpa si lazima, kampuni nyingi zinakata bahashishi kwa kila kichwa kila siku.

Swali: vyumba mmelipia kwa namba moja ya kuhifadhi nafasi (booking)?

Mtoto wa Ngamiani:
Hapana, wazee wana namba yao.

Nanga Juu:
Basi hilo ndilo la kwanza. Piga simu waunganishe namba hizo mbili kwa ajili ya meza, la sivyo mfumo unaweza kuwatupa wazee upande mwingine wa ukumbi, au hata zamu tofauti. Piga leo, likizo ya Desemba zamu ya kwanza inajaa na familia.